Mashine ya kukata majani ya ng'ombe inasumbua: maswali yanayorudiwa kila siku na majibu yake

Maswali haya ndo yale yale wafugaji wanayouliza kila msimu, hasa wenye ng'ombe wa maziwa wa ndani wanaokata majani asubuhi na jioni. Kabla hujaanza kusoma shika neno moja: injini inasingiziwa mno. Mtu anasema mashine imeisha nguvu, anafungua kabureta, anabadilisha ringi, anaanza kuulizia bei ya injini mpya, kumbe kisu kimekuwa butu au kimelegea na injini ya watu haina kosa lolote. Kwa hiyo sehemu ya visu imewekwa mwanzo kwa makusudi, usiiruke hata kama shida yako unaona ni ya injini.

## MAMBO YA MSINGI

1. Hapa tunazungumzia mashine ipi hasa?

Ni ile ya kukatakata majani ya tembo, gwatemala, mabua ya mahindi, na kwa wenzetu wa Kilimanjaro na Meru hata migomba. Aina kubwa ni mbili. Ya kwanza ina gurudumu zito lenye visu viwili au vitatu, na mbele yake kuna rola mbili zenye meno zinazovuta majani zenyewe. Ya pili ni ile ya Kichina ya ngoma iliyofunikwa, ndani ina visu na nyundo, chini kuna chekeche, inakata majani na ukitaka inasaga na mahindi, hii nyingi haina rola, unasukuma majani mdomoni na visu ndo vinavuta.

Zile zinazochomelewa na mafundi wetu, za SIDO (shirika la viwanda vidogo Tanzania), za mtaa wa Gerezani Dar es Salaam, za jua kali pale Kamukunji Nairobi, nyingi ni za aina ya kwanza, na uzuri wake ni kwamba beringi, mkanda na bolti zake unavipata duka lolote la spea.

2. Kabla sijaigusa nifanye nini?

Zima, halafu hakikisha haiwezi kuwaka yenyewe wala kuwashwa na mtu mwingine. Ya petroli chomoa waya wa plagi ya injini (ile inayotoa cheche) uuweke mbali na plagi. Ya umeme chomoa kabisa ukutani, na ile plagi kaa nayo mfukoni au ifungie, maana kuzima swichi tu haitoshi, mtoto anapita anabonyeza.

Halafu subiri. Gurudumu ni zito, ukizima injini linaendelea kuzunguka lenyewe kimya kimya, na ukimya huo ndo unaowaponza watu, anaona injini imezima anapeleka mkono kutoa nyasi zilizokwama wakati kisu bado kinapita. Likisimama ingiza gogo la mti kati ya gurudumu na fremu ili lisizunguke ukiwa unafungua bolti, kwa sababu hata bila injini ukilisukuma kidogo tu lile zito linakata kidole.

Nguo nazo. Kanga, mtandio, mikono mirefu ya sweta, glavu kubwa zinazopwaya, vyote hivyo rola inavidaka na haiachii. Mama anayekata majani asubuhi avue mtandio aufunge kiunoni ndani ya nguo, na watoto wasilishe mashine, hata kama wanajua, hata kama ni mara moja tu.

3. Mashine ina shida ila sijui ni nini, nianzie wapi?

Iwashe ikiwa tupu kwanza. Kama tupu inazunguka vizuri na shida inakuja ukiweka majani, kosa liko kwenye visu, nafasi ya visu, mkanda au kasi (nenda swali la 4, 6, 15 na 17). Kama hata tupu inasumbua, inazima, inavuma, inatoa moshi, hapo ndo uende kwenye injini au mota. Kama inapiga kelele au kutetemeka hata tupu, nenda moja kwa moja 18 na 19. Jaribio hili ni la dakika moja na linakuokoa kufungua vitu visivyo na kosa.

## UKATAJI

4. Haikati, inatafuna majani yanatoka marefu na yamepondeka. Tatizo nini?

Kisu butu au nafasi kubwa kati ya kisu kinachozunguka na kisu cha chini kile kilichosimama. Angalia majani yenyewe yatakuambia: kipande cha jani la tembo kilichokatwa vizuri mwisho wake umenyooka na shina limebaki duara. Ukiona mwisho una nyuzi nyuzi zinaning'inia na shina limebonyea, hiyo siyo kukata, hiyo ni kuvuta na kuchana. Mashine ikichana inakula nguvu nyingi, mafuta mengi, mkanda unaungua, na ng'ombe anachambua anaacha mashina.

Kisu cha chini kinasahaulika mno. Watu wananoa vinavyozunguka kila wiki halafu kile cha chini kimekaa toka mashine inunuliwe, kona yake imekuwa mviringo. Pitisha ukucha kwenye kona, kama unateleza bila kukwama basi kimeisha. Vingi vina kona zaidi ya moja, unakifungua unakigeuza unapata kona mpya bila kununua kitu.

5. Visu vinanolewaje, na mara ngapi?

Noa upande ule wenye mteremko tu, ule wa bapa uache, unaupitisha kwenye jiwe mara mbili tatu kuondoa vile vinywele vya chuma. Fuata mteremko uleule wa kiwandani. Ukiufanya mwembamba sana kisu kitakuwa kikali siku mbili halafu kitamenyuka kwenye bua gumu la kwanza.

Ukitumia grainda nenda taratibu na uwe na kopo la maji pembeni, gusa, chovya, gusa, chovya. Ukiona makali yamegeuka rangi ya bluu basi chuma kimeungua, ugumu umetoka, hapo utanoa kila siku na hakitashika. Mi naona tupa nzuri na jiwe ni salama zaidi kwa mtu ambaye hana mkono mzoefu wa grainda, inachukua muda lakini kisu kinabaki kisu.

Noa vyote kwa pamoja, halafu vipime kwenye mizani ya jikoni. Visu vya gurudumu moja lazima vilingane uzito, kimoja kikiwa chepesi gurudumu linaanza kurusha (swali la 19). Kuhusu mara ngapi, usihesabu siku, angalia majani kama ilivyoelezwa kwenye swali la 4. Anayekata majani machanga ananoa mara chache, anayekata mabua makavu yenye mchanga ananoa mara nyingi, kwa sababu mchanga ndo adui wa makali kuliko bua lenyewe. Kung'uta majani kabla ya kulisha.

6. Nafasi ya kisu inapimwaje? Sina kifaa cha kupimia.

Chukua kadi ya mchango wa harusi, ile karatasi ngumu. Ukiwa umetoa waya wa plagi au umeme, zungusha gurudumu kwa mkono taratibu ukishika kwenye puli (lile duara linalopita mkanda), siyo kwenye gurudumu lenyewe, mpaka kisu kiwe usawa wa kisu cha chini. Kadi ipite ikigusa kwa shida kidogo. Ikipita inapwaya, sogeza. Ikikataa, legeza. Kwa namba ni kama nusu milimita au chini yake kidogo.

Pima kushoto, katikati na kulia, tena kwa kila kisu, maana unaweza ukaweka kimoja sawa kingine kikagonga. Visu vingi vina bolti ndogo za kusukuma kwa nyuma, hizo ndo za kurekebishia, halafu zile kubwa ndo za kukaza. Ukimaliza zungusha kwa mkono mizunguko kadhaa ukisikiliza, ukisikia hata mguso mdogo wa chuma kwa chuma usiwashe, rudia. Kwenye kasi kamili mguso huo unavunja kisu.

7. Inaziba kila mara, majani yanajaa ndani.

Sababu ya kwanza ni visu, rudi swali la 4. Ya pili ni kasi ndogo, mashine inakata lakini haina upepo wa kurusha vipande nje, na hiyo mara nyingi ni mkanda unateleza au puli isiyo sahihi (15 na 17). Ya tatu ni majani yenyewe: yaliyokatwa wakati wa mvua yanaganda kwenye kuta za ndani, yanajenga ukoko, njia inakuwa nyembamba. Yaache yanyauke masaa kadhaa kabla ya kukata, maji yanapungua na uzito pia.

Migomba ni kesi yake peke yake. Nyuzi zake zinajiviringisha kwenye shafti ya rola mpaka zinaingia kwenye beringi. Ukikata mgomba upasue kwanza kwa panga, changanya na majani makavu, na ukimaliza zima ukate zile nyuzi kwa kisu siku hiyo hiyo, kesho yake zimekauka zimekuwa kamba.

Na jambo dogo ambalo linasaidia wengi: usizime mashine ikiwa na majani tumboni. Ukimaliza kulisha iache izunguke mpaka itoe kila kitu. Ikizimwa imejaa, kesho unaivuta kamba inakataa, unadhani injini imekwama.

8. Rola hazivuti, nasukuma mwenyewe.

Angalia springi za rola ya juu kama zimelegea au moja imekatika, rola inakuwa imeinuka upande mmoja. Halafu meno ya rola kama yamejaa uchafu wa kijani ulioganda, kwangua. Kama rola haizunguki kabisa wakati gurudumu linazunguka, fungua mfuniko wa gia utazame ile pini au kii inayoshikilia gia kwenye shafti. Ile imewekwa laini makusudi ikatike yenyewe pale jiwe au chuma kinapoingia, ili gia zisivunjike. Kwa hiyo usiweke msumari mgumu wala ncha ya nondo badala yake, weka ya aina ileile. Ukiona inakatika kila wiki, unalisha mzigo mkubwa kuliko mdomo wa mashine.

Na kusukuma kwa mkono marufuku. Tumia fimbo ya mti ndefu, au bora zaidi sukuma kwa fungu la majani linalofuata. Fimbo ya chuma usitumie hata siku moja.

9. Vipande viwe na urefu gani?

Kwa ng'ombe wa maziwa lenga kama sentimita 2.5, inchi moja. Kwenye mashine ya rola urefu unabadilishwa kwa gia au kwa idadi ya visu, ukitoa kisu kimoja kati ya viwili vipande vinakuwa virefu mara mbili, lakini hapo lazima uweke uzito sawa upande wa pili usije ukaharibu ulinganifu. Kusaga majani yakawa unga unga siyo ufundi, ng'ombe anahitaji nyuzi ili acheue vizuri.

## INJINI YA PETROLI NA DIZELI

10. Injini haiwaki kabisa.

Kwenye hizi injini ndogo za farasi tano na nusu mpaka saba, anza na oili. Nyingi zina kihisio ambacho oili ikipungua kinakata moto, unavuta kamba mpaka bega linauma na hakuna kosa lingine lolote. Weka mashine sehemu tambarare, fungua kifuniko, oili iwe usawa wa mdomo wa tundu. Inaingia kama lita 0.6 tu, kwa hiyo upungufu mdogo unaonekana haraka. Mashine ikiwa imeegemea upande pia inaweza kudanganya kihisio.

Oili ikiwa sawa, toa plagi. Ikiwa mbichi ina petroli, umezidisha choki, ifute, vuta kamba mara kadhaa bila plagi ili silinda ikauke, rudisha bila choki. Ikiwa kavu kabisa petroli haifiki, fungua bolti ndogo chini ya bakuli la kabureta uone kama inatiririka. Ikiwa nyeusi ya masizi isugue na uweke nafasi ya milimita 0.7 hadi 0.8. Petroli iliyokaa miezi kwenye tanki nayo inachacha, inaacha gundi kwenye kabureta, imwage uweke mpya kabla hujamlipa fundi.

11. Inawaka vizuri halafu baada ya dakika chache inazima yenyewe.

Ikizima, fungua kifuniko cha tanki uiwashe tena hapo hapo. Ikiwaka na kuendelea basi tundu la hewa kwenye kifuniko limeziba, vumbi la majani na grisi vinaziba kale katundu, petroli inashindwa kushuka. Kasafishe kwa sindano.

Kama siyo hilo, ni maji au uchafu ndani ya bakuli la kabureta. Lifungue, utaona matone ya maji yamekaa chini ya petroli kama shanga, yamwage, na ule mrija mwembamba wa katikati upulize kwa pampu ya baiskeli, usiuchokonoe kwa waya mnene unapanua tundu.

12. Inatoa moshi mwingi.

Mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa: choki haijarudi, au chujio la hewa limejaa vumbi. Kwenye mashine ya majani chujio linajaa haraka kuliko kwenye pampu ya maji, kwa hiyo likung'ute kila wiki, na ikiwezekana geuza injini ili chujio lisitazame upande majani yanakotokea. Wa bluu ni oili inaungua, labda umejaza kupita kiasi au mashine ililazwa wakati wa kubebwa kwenye pikapu, huo unaisha wenyewe. Bluu isiyoisha kila siku na oili inapungua, hapo ni ringi na silinda, mwite fundi.

Oili ya injini mpya badilisha baada ya masaa 20 ya kwanza, halafu kila masaa 100.

13. Ya dizeli iliishiwa mafuta, nimejaza lakini haiwaki.

Hewa imeingia kwenye mpira wa mafuta. Legeza bolti ya kutolea hewa kwenye chujio la dizeli, acha mafuta yatoke mpaka mapovu yaishe, kaza. Halafu legeza nati ya bomba la chuma kwenye nozeli, zungusha mkono wa kuwashia mpaka dizeli irushe, kaza, washa. Mikono na uso viwe mbali na hiyo nati, presha yake inapenya ngozi.

## MOTA YA UMEME

14. Mota inavuma tu haizunguki.

Zima haraka, mota ikivuma imesimama inaungua ndani ya muda mfupi sana. Chomoa umeme, toa mkanda. Zungusha puli ya mashine kwa mkono, ikiwa ngumu kuna majani yamekwama. Zungusha puli ya mota, ikiwa ngumu beringi zake zimekufa. Vyote vikiwa laini, mkanda ukiwa bado umetolewa, iwashe tena kwa sekunde moja mbili. Ikizunguka, mota ni nzima na mzigo ndo ulikuwa unaizidi au umeme ni mdogo. Ikivuma bado, mara nyingi ni kapasita imekufa, kile kikopo kinachosaidia mota kuanza.

Kapasita ni rahisi kubadilisha lakini inashika umeme hata baada ya kuchomoa, hivyo kama hujui kuitoa chaji mwachie fundi umeme. Mpya iwe na namba ileile ya mikrofaradi, na volti zisipungue zile za mwanzo.

Umeme mdogo nao ni tatizo la kweli vijijini. Jioni kila nyumba ikiwasha taa na jiko volti zinashuka, mota inashindwa kuanza, asubuhi saa kumi na moja inawaka bila shida. Ukiona mtindo huo usibadilishe kapasita, badilisha saa ya kukata majani.

15. Nilitoa injini ya petroli nikaweka mota, sasa inazunguka polepole na inaziba.

Hili linawakuta wengi na jibu ni puli. Injini ya petroli inakwenda kama mizunguko 3600 kwa dakika, mota nyingi zinakwenda 1400 (zipo na za 2800, soma kibao). Hesabu ni hii: mizunguko ya mota mara upana wa puli yake (kipenyo, toka ukingo mpaka ukingo kupitia katikati), gawanya kwa upana wa puli ya mashine. Injini ya 3600 yenye puli ya inchi 3 ikiendesha puli ya inchi 12 inakupa 900. Weka mota ya 1400 kwa puli zilezile unapata 350, hapo mashine haiwezi kurusha kitu. Ili urudi kwenye 900 puli ya mota iwe inchi 8 hivi.

Ila jua pia kwamba mota ya farasi 3 siyo injini ya farasi 6 na nusu. Kasi utairudisha, nguvu hapana, kwa hiyo lisha majani kidogo kidogo. Na usipite kasi iliyoandikwa kwenye mashine hata kama mota inaweza, lile gurudumu limetengenezwa kwa kasi fulani tu.

Kosa linaloambatana na hili: mashine kuzunguka kinyume, kisu kinapiga majani kwa mgongo. Injini ya petroli haigeuki mwelekeo, ukiifunga upande usio wake itazungusha kinyume mpaka uihamishe. Mota ya fezi tatu fundi anabadilishana waya mbili tu. Fuata mshale uliochorwa kwenye mashine, na kama umefutika, upande wenye makali ndo utangulie.

16. Plagi ya ukutani inapata moto mpaka inayeyuka.

Acha kuitumia leo. Mota ya kilowati 2.2, yaani farasi 3, inakula ampia 13 hadi 15 ikiwa na mzigo, na wakati wa kuanza inavuta mara kadhaa zaidi. Plagi ya ampia 13 na eksitensheni nyembamba ya kuchomekea tivii havikutengenezwa kwa hilo. Fundi akuvutie laini yake toka kwenye mita, waya wa milimita za mraba 2.5, na kama banda liko mbali weka wa 4, breka yake peke yake, na ethi (waya wa kwenda ardhini) iwe ya kweli. Banda lina mikojo na maji, watu na ng'ombe wanasimama kwenye unyevu, mwili wa mashine ukishika umeme hapo ni msiba.

## MKANDA, BERINGI NA MTIKISIKO

17. Mkanda unateleza, unaungua au unatoka kwenye puli.

Bonyeza mkanda katikati kwa kidole gumba. Kama umbali kati ya puli ni nusu mita, uzame kama sentimita moja. Ukizama zaidi umelegea, usipozama umekaza mno na utaua beringi. Kama unatoka wenyewe, puli hazijanyooka: nyoosha uzi toka ukingo wa puli moja mpaka nyingine, uguse sehemu zote nne. Harufu ya mpira unaoungua wakati unalisha ni mkanda unateleza, na kama umekaza vizuri bado unateleza, rudi kwenye visu.

Ukienda dukani nenda na wa zamani au soma namba. B52 maana yake ni upana wa aina B na urefu wa inchi 52 kwa ndani. Usiweke A kwenye puli ya B, utazama chini uteleze. Kama puli zina mikanda miwili badilisha yote, mpya na mzee havivuti sawa.

18. Beringi zinapiga kelele, nitajuaje zimeisha?

Toa mkanda, shika gurudumu kwa kingo juu na chini ukilitikisa. Likicheza beringi imeisha. Zungusha ukiweka bisibisi kwenye nyumba ya beringi na sikio kwenye mpini, nzima inasikika laini, mbovu inakwaruza kama mchanga. Beringi unayoweza kuiwekea kiganja na kukiacha hapo baada ya kazi iko salama, ukishindwa kuacha mkono ina shida, au umeijaza grisi kupita kiasi maana hilo nalo linachemsha.

Nyingi ni UCP205 au UCP206. Zidisha namba mbili za mwisho kwa 5, unapata unene wa shafti, milimita 25 na 30. Nenda dukani na hiyo namba.

19. Mashine inatetemeka mpaka inahama.

Kama imeanza ghafla, zima sasa hivi, kuna kisu kimelegea au kimevunjika. Kama imeanza taratibu, safisha gurudumu, majani yaliyoganda upande mmoja yanatosha kulitikisa. Halafu pima uzito wa visu (swali la 5), kaza bolti za miguu, angalia fremu kama imepasuka kwenye sehemu zilizochomelewa. Shafti iliyopinda utaiona ukizungusha kwa mkono huku umeshika msumari karibu yake, nafasi inafunguka na kufunga.

## MAMBO YA PEMBENI

20. Kipande cha kisu kimevunjika ndani. Majani niliyokata niwape ng'ombe?

Hapana. Kusanya vipande vyote vya kisu uviunganishe mezani, kama kimoja hakionekani basi kiko kwenye majani. Yale yote yaliyokatwa tangu sauti ilipobadilika yatupe kwenye mboji. Ng'ombe hachambui chuma, anameza, kinashuka kwenye tumbo linalopakana na moyo na siku moja kinatoboa. Waya wa kufungia majani na misumari ni vilevile, na mashine inaufanya waya kuwa vipande vyenye ncha kali. Funga sumaku kubwa pale majani yanapotokea uifute kila siku, na daktari wa mifugo anaweza kumpa ng'ombe sumaku ya kumeza.

21. Fundi anasema atakichomelea kisu kilichopasuka, nikubali?

Usikubali. Moto wa kuchomelea unatoa ugumu wa chuma na mshono hauna nguvu ya kuhimili kasi ile, kikiachia kinatoka kama risasi. Kinunuliwe kipya, na visu vingine vibadilishwe pamoja nacho ili uzito ulingane. Na bolti za visu ziwe zenye 8.8 au zaidi kichwani, na washa za springi, siyo bolti laini ya bei ya chini. Ukishazifungua mara kadhaa zibadilishe.

22. Naweza kukatia matawi ya miti?

Majani na vitawi vibichi vya lukina, kaliandra, sesbania vya unene wa penseli, ndiyo, ukichanganya na majani laini. Tawi gumu la parachichi au mgrevilea, hapana. Mashine ya kusaga matawi ni nyingine kabisa, visu vyake vifupi na vinene, shafti nene, fremu nzito, na injini kubwa kuliko hii yako. Tawi linarudi nyuma kwa nguvu likikamatwa na rola, linapiga mtu usoni. Kama una matawi mengi ya kufanya matandazo shambani, changeni na majirani mkodi ya kazi hiyo.

23. Msimu wa mvua majani yapo kila mahali situmii mashine miezi, niiachaje?

Ioshe ndani, iache ikauke juani, paka visu oili chafu, utomvu wa majani unakula chuma kuliko maji. Legeza mkanda. Mwaga petroli yote halafu iache injini iungurume mpaka izime yenyewe. Vuta kamba taratibu mpaka usikie inakaza, iache hapo, valvu zimefunga na unyevu hauingii. Siku ya kurudi kazini futa ile oili yote kwenye visu, na fungu la kwanza la majani usimpe ng'ombe.